Pumzi Niliyoikata kwenye Wimbo Wako

Baba,

Shikamoo. Nimetanguliza salamu kabla hujasema kwamba watoto wa siku hizi wanaingia na shida zao hata hawajavua viatu. Ni mimi Naomi, kitinda mimba wako, yule uliyekuwa ukiwaambia wageni kwamba amesoma mpaka chuo halafu akaamua kupiga kelele kwa kompyuta. Nimekaa barazani hapa Bunju, kwenye kiti chako cha plastiki chenye mguu uliofungwa waya. Mama yuko jikoni anachambua mchele. Ameniuliza mara mbili naandika nini, nikamwambia ni kazi ya studio.

Jumamosi iliyopita tulikuwekea msalaba. Ni wa zege, umepakwa rangi nyeupe, na jina lako limeandikwa sawasawa, maana nilimsimamia fundi mpaka akanichoka. Baba mdogo alikuja kutoka Njombe na bado ana kinyongo kwamba hatukukurudisha kwenu. Nilimwonyesha tena ile karatasi yako: "Nizikwe Bunju. Njombe kuna baridi." Akaisoma, akatikisa kichwa, akasema huyu ni yeye kabisa. Kisha akala ubwabwa sahani mbili.

Lakini siyo msalaba ulionikalisha hapa. Nina habari za kinanda chako cha kanisani, na ndani ya habari hizo kuna jambo la kukuomba. Ungekuwa hai nisingethubutu kulisema nikikutazama usoni.

Nilikuwa mdogo wakati ule unanipeleka kwenye mazoezi ya kwaya, mdogo kiasi cha kukaa sakafuni pembeni ya makanyagio. Kwangu mimi kinanda hakikuwa vile vibao vyeupe na vyeusi. Kilikuwa miguu yako miwili, kulia, kushoto, kulia, kushoto, na mivukuto ya ngozi ikijaa na kupungua nyuma ya mbao, na harufu ya mafuta ya nazi uliyoipaka ile ngozi isikauke. Ulinieleza kwamba ndani yake kuna ndimi ndogo za shaba, kila sauti na ulimi wake, hewa ikipita ulimi unatetemeka. Nikakuuliza kama zinaweza kutusengenya. Ulicheka mpaka ukakosea wimbo, na Mama Tumaini, mwenyekiti wako wa kwaya, akakutolea macho.

Nilipofungua studio Mwananyamala ulikuja kuiona umevaa koti la kanisani. Ulizunguka chumba chote. Ulichungulia hata nyuma ya pazia. Ukaniuliza, "Ngoma ziko wapi? Gitaa liko wapi?" Nikakuonyesha kompyuta mezani. Nikakupigia biti ya singeli niliyokuwa naitengeneza, ukaisikiliza mpaka mwisho kwa adabu yote ya mwalimu mstaafu, halafu ukauliza, "Sasa huyu kijana anakimbizwa na nani?"

Nilicheka lakini iliniuma kidogo. Nilitaka uone kwamba nami ni fundi. Nikakuonyesha jinsi programu inavyougawa wimbo kwa mistari iliyosimama, kama daftari la hesabu, na jinsi mpiga ngoma akichelewa nabonyeza mara moja tu, pigo linarudi kwenye mstari wake.

"Kwa hiyo akikosea hajulikani?"

Nikasema ndiyo Baba, hajulikani.

"Na akichoka?"

Simu ikaita nikaipokea.

Baadaye ndipo nikapata wazo la kukirekodi kinanda chako. Wenzangu mjini wanatafuta sauti za zamani kwa udi na uvumba, mie baba yangu anayo moja kanisani Bunju na haimgharimu mtu. Ulikubali upesi kuliko nilivyotarajia. Tulienda siku isiyo na mvua kwa sababu ya kelele za bati la kanisa, na ulitoka nje mara tatu kufukuza kuku wa jirani wasije kuwika kwenye maikrofoni yangu. Nilikurekodi sauti mojamoja, kibao baada ya kibao, kutoka chini mpaka juu. Kisha nikakuomba upige wimbo mzima. Ukapiga ule uliotunga mwenyewe, ambao kwaya nzima wanauita Wimbo wa Mwalimu.

Ulivua kiatu cha kushoto kwanza. Ulisema kanyagio la upande ule halipendi viatu. Na kila ulipomaliza mstari wa pili wa ubeti ulisimama, miguu ikatulia, sauti ikafifia mpaka ikaisha, ukakaa kidogo, ndipo ukaendelea na mstari wa tatu. Tulishazoea hivyo. Miaka mitatu minne ya mwisho kwaya walikuwa wanaimba hivyohivyo, wanasimama pale na wewe. Mtu akiuliza unasema, "Kinanda kimezeeka, kinavuja. Kiacheni kivute pumzi." Watu wanacheka, ibada inaendelea.

Nilirudi studio na wimbo wako nikaukalia siku mbili. Nilikata mlio wa makanyagio. Nilikata ule upepo mdogo unaotangulia kabla ya kila sauti. Nikafika kwenye yale mapumziko nikayakata yote, nikaunyoosha wimbo ukakaa kwenye mistari yake kama watoto wa shule asubuhi. Na kwa kuwa kompyuta ilikuwa imejaa, nikauhifadhi huo mpya juu ya ule wa mwanzo. Wa mwanzo haupo tena, Baba. Nimewauliza watu wanaojua mambo hayo kuliko mimi, wakaniambia niusahau.

Nilikutumia kwenye simu nikiwa na furaha ya mtoto aliyefaulu. Ulinipigia jioni ileile. "Anapiga vizuri huyu," ulisema. "Ana miguu ya kijana." Nikadhani unanitania, na mimi nikatania, tukaagana.

Masika ilipoingia ukaanguka bafuni. Hospitali wakasema ni sukari, imekaa mwilini muda mrefu bila kujulikana, na mguu wa kushoto umeshaharibika. Daktari akatuuliza maumivu yalianza lini. Mama akasema mwezi mmoja. Mie nikasema labda miwili. Wewe ulikuwa umefumba macho, na hadi leo sijui kama ulikuwa umelala au ulikuwa unatusikiliza. Siku ya kumi na moja ukatutoka.

Sasa nikueleze ya msalaba. Mama alikuwa na ombi moja tu: kwaya iimbe Wimbo wa Mwalimu. Alisema siku ya mazishi hakusikia kitu, masikio yalikuwa yameziba kwa kilio, kwa hiyo siku ya msalaba anataka ausikie vizuri, mara moja, halafu akapumzike. Nikasema hilo dogo, Mama, niachie mimi.

Kinanda chenyewe kilikuwa kimekaa miezi kumi bila mtu. Nilipofungua mlango wa nyuma panya wakatoka na mtaa mzima. Walikuwa wametafuna mivukuto na kujenga makazi juu yake. Sikuhangaika. Nilikuwa na wimbo wako kwenye kompyuta, umeshanyooka, msafi. Nikafunga spika kanisani, nikawaambia kwaya, haya, tuimbe.

Mstari wa kwanza ukaenda. Wa pili ukaenda. Kisha kwaya nzima ikasimama na kompyuta ikaendelea yenyewe.

Nikarudisha mwanzo. Nikawaeleza, msisimame pale, ule ulikuwa ugonjwa wa kinanda, sasa hakuna kinanda. Wakasema sawa. Tukaanza, wakasimama tena. Wale wasichana wawili wapya kutoka Kunduchi, ambao hawajawahi kukuona ukipiga, nao wakasimama! Wamefundishwa wimbo ukiwa na pengo lile ndani yake, na wao wanajua ndivyo ulivyotungwa. Mara ya sita nikapandisha sauti. Nilisema maneno ambayo binti wa mwalimu hakupaswa kuyasema kanisani, kwamba kwaya hii haijui kwenda na wakati.

Mama Tumaini akavua miwani. "Sista, sie hatujapotea," akasema. "Hicho kidude chako ndo hakingoji mtu. Mwalimu alikuwa anapumzika pale, na sie tunapumzika pale. Kama hakuna kinanda, basi wimbo huu hatuimbi. Tutaimba mwingine."

Nilirudi nyumbani na hasira zangu. Mama alikuwa amekaa hapahapa barazani, akaniuliza mazoezi yamekwendaje, nikamwambia vizuri. Zilikuwa zimebaki wiki mbili.

Basi nikakodi kirikuu, kile kigari cha mizigo, tukakipakia kinanda, tukakivusha jiji lote mpaka Temeke, kwa Mzee Nassor. Humjui. Anashona makochi, lakini zamani kabla vikundi vya taarabu havijahamia kwenye vinanda vya umeme, yeye na baba yake ndio waliokuwa wakitengeneza kodiani zao za mivukuto. Duka ni la familia yao tangu babu yake alipokuja mjini na kufungua biashara ya vitambaa. Alikizunguka kinanda chako akiguna, akakigonga ubavuni, akaniambia nikae nisimsumbue. Kisha akalala chali sakafuni na tochi.

Nikamweleza ili kumsaidia: mzee, hiyo mivukuto ilikuwa inavuja kwa miaka mingi, marehemu alikuwa analazimika kusimama katikati ya wimbo ili ijae.

"Hii?" Alitoka chini na kipande cha ngozi mkononi. "Binti yangu, hii haikuwa ikivuja. Meno ya panya haya ni ya mwaka huu. Lakini hapa tazama, hapa hawajafika. Laini. Mtu alikuwa akiipaka mafuta kila mwezi, mivukuto yenye matunzo haya inashika hewa kuliko kifua changu mimi." Akaniuliza huyo marehemu alisimama kwa sababu gani. Yeye aliuliza tu kama fundi.

Nilitoka nje nikasimama kati ya magodoro yake. Nikaikumbuka siku ya kurekodi, nikakiona kiatu chako cha kushoto pembeni ya kinanda. Nikaona mkono wako ukitoka kwenye vibao na kushuka kwenye paja, na mimi nyuma ya maikrofoni nikiangalia saa. Miaka mitatu minne, Baba. Na daktari tulimwambia mwezi mmoja, labda miwili.

Nililia pale Temeke mbele ya watu nisiowajua. Mzee Nassor akanipa maji ya kunywa na kitambaa cha kochi nijifute, kipya, chenye maua, bado ninacho.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Mama Tumaini. Sikukaa, sikutaka chai. Nikamuuliza kama alijua. Akasema, "Tulijua. Tulimuonaga anavyoshika mguu. Mara ya kwanza tuliendelea kuimba akashindwa kutufuata, akaona aibu. Wiki iliyofuata tukasimama wote, hatukuambizana. Ndo ikawa hivyo."

Nikamuuliza kwa nini hawakutuambia nyumbani. Akasema wewe uliwaomba. Ulisema Mama ana presha asiongezewe mawazo, na Naomi ana kazi zake.

Baba, nilimgombeza yule mama kama vile si mkubwa wangu. Nilimwambia heshima gani hiyo ya kumsindikiza mtu mpaka kaburini kwa kuimba polepole. Alilia, na mimi nikalia, na mwisho nikamwambia ukweli wangu, kwamba wao angalau walisimama, na mimi mwanao niliyekuwa na sauti yako masikioni siku mbili nzima niliyaona yale mapengo, nikayahesabu, nikayakata. Nilikuwa nikikusikia ukiumia nikadhani ni hitilafu ya chombo. Hilo ndilo jambo nililokuja kukuomba. Unisamehe. Sikukata kwa ubaya, lakini nilikata.

Mzee Nassor alimaliza kazi siku nne kabla ya siku yenyewe. Mivukuto aliishona upya kwa ngozi ya mbuzi na ikashika. Lakini sauti kumi na moja za juu zilikataa, ndimi zake zimekatika na hakuna wa kuzitengeneza mjini hapa, au yupo na hatumjui. Nikakaa nazifikiria. Kisha nikakumbuka kwamba hizo kumi na moja ninazo kwenye kompyuta, kibao baada ya kibao, siku ile ya kuku. Nikaweka kinanda kidogo cha umeme juu ya kile chako, nikakiunganisha na kompyuta. Mkono wa kushoto ukawa kwenye vibao vyako, mkono wa kulia ukipanda juu unakuta zile sauti kumi na moja. Za kwenye kompyuta, ambazo nazo nilizikata upepo, nilizikuta zimenyooka mno pembeni ya zile za kinanda, zinawahi. Nikatumia jioni mbili kuzichelewesha kidogo, kiasi cha hewa kupita kwenye ulimi. Ungeniona ungecheka. Miaka yote nimelipwa kuwarudisha watu kwenye mstari, sasa nalala na kompyuta kuitoa kwenye mstari.

Ile mistari iliyosimama niliizima yote.

Siku ya msalaba kanisa lilijaa. Nilivaa viatu visivyo na kisigino. Mama alikaa mbele. Nilipoanza kukanyaga nikashangaa kazi ilivyo nzito, kulia, kushoto, kulia, kushoto, na nina nusu ya umri wako na miguu mizima. Mstari wa kwanza. Wa pili. Hewa ilikuwapo tele, ningeweza kuendelea mpaka Bagamoyo. Kwaya ikasimama, nami nikaondoa miguu. Sauti ya kinanda ikafifia, zile za kompyuta nikaziachia zife nazo pamoja, na kanisa zima likawa kimya. Watu walikuwa wanangoja. Nilimwona Mama amefumba macho na mkono ameuweka kifuani. Kisha Mama Tumaini akainua kidole tukaingia mstari wa tatu.

Baada ya ibada Mama alinishika mkono akasema, "Nimemsikia."

Kinanda tumekiacha kanisani, na mtego wa panya ndani yake. Jumapili mbili kwa mwezi nitakuwa nakuja kupiga mimi, na zile nyingine wasichana wa Kunduchi watajifunza. Wameshaanza kugombania kiti.

Ninamaliza Baba, maana Mama anakuja na ungo wake. Amekaa. Amejishusha kitini taratibu, ameshika ukuta. Jana aliniambia ndoo za siku hizi zinatengenezwa nzito. Juzi, tulipotoka ibadani, alisema ngazi za kanisani wameziongeza urefu walipopaka rangi. Ngazi ni zilezile tatu ulizozipanda wewe.

Lala, Baba. Pumzisha na huo mguu. Nakuahidi jambo moja tu, nisije nikaahidi mengi nikashindwa. Kesho asubuhi nampeleka Mama hospitali. Atasema yeye mzima, atasema tatizo ni ngazi. Nami nitamwambia sawa Mama, ni ngazi, vaa viatu twende.

Binti yako,
Naomi